Nilivyoishtaki Serikali ya Kaunti kwa Magunia 22 ya Maharagwe

Asubuhi moja ya Machi 2021, saa mbili na nusu hivi, lori la kaunti lilisimama mbele ya ghala langu la nafaka likaziba njia, na askari wanne wa kanjo, yaani wa kaunti, wakashuka pamoja na afisa wa mapato aliyebeba faili ya kadibodi kwapani. Afisa huyo alidai shilingi 50 kwa kila gunia lililomo ghalani, kila mwezi, ada aliyoiita ya uhifadhi, ambayo ilikuwa juu ya kibali cha biashara nilichokwisha kulipia Januari na juu ya ushuru uliotozwa malori kizuizini yalipokuwa yakiingia mjini. Nilimwuliza ada hiyo inatokana na sheria gani. Akatoa waraka wa ukurasa mmoja, usio na nambari ya sheria wala tarehe, wenye muhuri wa wino wa zambarau na sahihi isiyosomeka, akaniambia, "Mzee, toa pesa au tubebe."

Walibeba. Magunia 22 ya maharagwe ya nyayo yalipakiwa mbele ya macho yangu, na juu yake wakaitupa mizani yangu ya chuma, ile ya kupimia magunia, ambayo baba yangu aliinunua kabla sijaoa. Haikuandikwa orodha, haikutolewa risiti, na lori liliondoka kabla sijamaliza kutafuta simu yangu.

Nasimulia yaliyofuata, yaliyonichukua miaka mitatu na miezi minane, kwa sababu tangu kesi ile iishe wafanyabiashara wengi wamekuja kuniuliza nilifanyaje, na kila mara ninajikuta nikieleza zaidi yale niliyoyakosea kuliko yale niliyoyapatia.

Ni lazima kwanza nieleze nilivyokuwa nikifikiri. Kwa miaka mingi nimekuwa mfuasi wa fikra ambazo wenyewe huziita ulibertaria: kwamba mtu ni mmiliki wa nafsi yake na wa jasho lake, kwamba serikali ni mtumwa wa kazi maalumu na haikupewa mamlaka ya mzazi juu ya watu wazima, na kwamba kazi kubwa ya katiba ni kuifunga serikali kamba, wala si kuwapangia raia namna ya kuishi. Nilivutwa zaidi na George Ayittey, mwanauchumi wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, ambaye alishikilia kwamba biashara huru haikuletwa Afrika na wageni, na kwamba wanawake wa masoko ya Afrika Magharibi walikuwa wakipatana bei zao wenyewe, na machifu wakizuiwa na mabaraza ya wazee, muda mrefu kabla ya dola za kisasa kuja na leseni zake. Mambo haya nilikuwa nikiyahubiri kila jioni kwenye duka la chai lililo mkabala na ghala langu, hata vijana wakanibandika jina la Mzee wa Katiba, na sikuwa nikilichukia.

Mtu angedhani kwamba mimi, kuliko mfanyabiashara yeyote wa soko letu, nilikuwa tayari kwa siku ile. Sikuwa tayari hata kidogo. Nilipiga kelele, nikamtukana afisa mbele ya mashahidi ambao baadaye waliulizwa juu ya matusi hayo kabla ya kuulizwa juu ya maharagwe. Sikupiga picha hata moja. Sikuandika nambari ya lori wala majina ya askari. Na jioni ya siku hiyo, baada ya kushinda kutwa nzima nikieleza jinsi dola inavyonyonya, nilimkabidhi kijana mmoja wa yadi ya kaunti shilingi 3,000 ili anitolee mizani kwa mlango wa nyuma. Mizani haikutoka na kijana hakuonekana tena. Nilitoa hongo, na sina neno laini zaidi la kulitaja jambo hilo. Wakili aliponiuliza miezi mingi baadaye kama kulikuwa na lolote ambalo upande wa pili ungeweza kulitumia dhidi yangu, nililazimika kumwambia nikiwa nimeinamisha kichwa.

Usiku ule sikulala, nikafungua Katiba ya Kenya ya 2010 na kuisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta chombo cha kazi. Hapo awali nilikuwa nikiisoma kutafuta maneno ya kuwashindia watu kijiweni. Kifungu cha 19 kinasema waziwazi kwamba haki na uhuru wa kimsingi ni mali ya kila mtu na hazikutolewa na dola. Sentensi hiyo ndiyo roho ya itikadi yangu yote, nayo imo katika sheria kuu ya nchi, na watu wa kizazi changu hatupaswi kuichukulia kama jambo la kawaida. Chini ya katiba ya zamani, mabadiliko ya mwaka 1982 yaliifanya KANU kuwa chama pekee halali, na yale ya 1988 yakawaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, kwa kura za Bunge tu, bila mwananchi kuulizwa. Siku hizi sura ya haki haiguswi bila kura ya maamuzi ya wananchi wote. Hivyo ndivyo Kifungu cha 255 kinavyotaka.

Lakini nilipokuwa nikisoma sikutulia kwenye vifungu vilivyonifaa. Nilitulia kwenye vile vilivyonipendeza, na kosa hilo liligharimu miezi saba.

Jambo la kwanza lililo sawa nililolifanya nilishauriwa na mwalimu mmoja mstaafu, mpangaji wangu, ambaye hana habari na falsafa yoyote. Aliniambia, "Ndugu yangu, serikali ni karatasi. Iandikie karatasi." Mwezi Aprili nikamwandikia katibu wa kaunti barua fupi nikiomba nakala ya sheria iliyoanzisha ada ile, nakala ya orodha ya mali iliyochukuliwa na jina la afisa aliyeidhinisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35, inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Nilipeleka nakala mbili, moja nikaiacha na nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa ikarudi mfukoni mwangu. Siku 21 zikapita bila jibu, hata 60. Wakati ule nilijiona nimepuuzwa. Sikujua kwamba ukimya ule, pamoja na ile nakala yenye muhuri, ungekuwa ushahidi mzito kuliko yote niliyowasilisha. Kwa hiyo namwambia kila anayekuja kuniuliza: usitoke kwenye ofisi ya serikali bila muhuri kwenye nakala yako, hata kama karani atakuambia kwamba mwenye muhuri amekwenda chakula cha mchana. Msubiri arudi.

Mwezi Julai nilipeleka kesi Mahakama Kuu bila wakili. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kufungua kesi anapoona haki yake imevunjwa, kinaelekeza kwamba ada isitozwe kwa kuifungua, na hata kinairuhusu mahakama, ikibidi, kupokea hati zisizofuata taratibu zote. Kanuni za mwaka 2013, ambazo mawakili huziita Kanuni za Mutunga kwa sababu zilitolewa na Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu, zinaeleza namna hati hizo zinavyoandaliwa. Nilizisoma Kanuni hizo harakaharaka na kuandika ombi la kurasa 41. Nilianza na mwanafalsafa John Locke na haki za asili, nikapita kwa Ayittey, nikaeleza kwa kirefu kwamba ushuru usio na ridhaa ni unyang'anyi, na maharagwe yangu yalitokea kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa 33. Karani wa masjala aliyapima makaratasi yale kwa kiganja, akaniuliza kama mimi ni mhadhiri.

Oktoba nilisimama mbele ya jaji. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu ya wino ambayo aliifungua na kuifunga alipokuwa akisikiliza. Nilizungumza kwa dakika kumi hivi juu ya mipaka ya dola. Alipoona sikomi, aliinua kalamu ile akasema, "Bwana mlalamishi, nimekuelewa kwamba hupendi serikali kubwa. Sasa nionyeshe ni kifungu gani kilichovunjwa, na kilivunjwaje, na nani, na siku gani." Nilifunua kurasa zangu na sikuona mahali hata pamoja nilipokuwa nimeyaandika mambo hayo manne kwa pamoja.

Wakili wa kaunti hakuhitaji kutumia nguvu. Alisimama akataja kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979, ambayo kila wakili wa Kenya anaijua: anayedai haki ya kikatiba sharti ataje kwa usahihi haki anayoilalamikia, kifungu chenyewe, na namna kilivyokiukwa. Mahakama ya Rufani iliilegeza kidogo kanuni hiyo mwaka 2013 katika kesi ya Mumo Matemu, ikasema kwamba usahihi si sawa na ukamilifu wa kila nukta, lakini haikuifuta, na hata kwa kipimo kilicholegezwa kurasa zangu 41 zilikuwa zimeanguka. Jaji angeweza kulitupa ombi langu siku ile. Alinipa siku 21 kulirekebisha, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba huenda ningefaidika nikimwona wakili.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la saruji chini ya mti, na aibu niliyoisikia haikuwa ya kushindwa. Ilikuwa aibu ya kutambua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikiipenda hoja yangu kuliko haki yangu.

Nilimpata wakili kijana, binti wa jirani yetu wa zamani, aliyenitoza shilingi 25,000 kurekebisha ombi na kunielekeza, kwa masharti kwamba mahakamani ningesimama mwenyewe. Alikuwa akiniita "mzee wangu" kwa heshima zote huku akikata kurasa zangu kwa kalamu nyekundu. Alibakisha kurasa tisa. Locke aliondoka, Ayittey aliondoka, na badala yao vikaingia vifungu ambavyo mimi nilivipita usiku ule kwa kuviona vya kimakarani.

Kimoja ni Kifungu cha 210, kinachosema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Mamlaka ya kaunti yanapatikana katika Kifungu cha 209: inaweza kutoza kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani na kodi nyingine iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge, na inaweza kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Wakili aliniuliza, "Mzee wangu, kaunti ilikupa huduma gani ya kuhifadhi? Ghala ni la nani?" Ghala lilikuwa langu, kufuli yangu, mlinzi nikimlipa mimi. Swali lile dogo lilikuwa na nguvu kuliko kurasa zangu zote juu ya unyang'anyi. Kifungu cha 47 nacho kinataka kila hatua ya kiutawala iwe ya kisheria, ya busara na ya haki katika utaratibu wake, na kinampa aliyeathiriwa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 ndiyo inayokifafanua. Mwishowe kikawekwa Kifungu cha 40 kuhusu mali, na cha 24, kinachoitwisha serikali mzigo wa kuthibitisha kwamba haki ilipunguzwa kwa sheria na kwa sababu inayokubalika katika jamii huru.

Akanionyesha pia kesi ya Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa. "Hao angalau walikuwa na sheria," aliniambia. "Hawa wako wana muhuri tu." Hukumu za aina hiyo mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, na nilipoanza kuzisoma sikuacha. Niliisoma ile ya kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambako nyumba zilibomolewa mwaka 2011 na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake Januari 2021. Sisi wa mrengo wangu tuna mashaka na haki za makazi na chakula zilizo katika Kifungu cha 43, kwa kuwa haki ya aina hiyo humfanya mtu mwingine awe mlipaji, na bado sijashawishika vinginevyo. Lakini nilipofika kwenye maelezo ya watu waliotazama tingatinga likipita juu ya vitanda vyao, sikuona mzozo wa nadharia za haki. Niliona lori la kaunti mbele ya ghala langu, kubwa zaidi.

Kuna kosa ambalo wakili hakuweza kulirekebisha. Kifungu cha 23 kinairuhusu mahakama kutoa agizo la muda la kuhifadhi hali wakati kesi inasubiri kusikilizwa. Nilipofungua kesi Julai sikuliomba, kwa sababu sikujua kwamba lipo. Maharagwe yalikuwa yamerundikwa nje kwenye yadi ya kaunti chini ya turubai lililotoboka. Novemba, tuliporuhusiwa kwenda kuyakagua, nilifungua gunia la kwanza nikatia mkono, na ulipotoka ulikuwa umejaa unga wa kijivu na maganda mepesi, kila punje imetobolewa tundu la mviringo kana kwamba kwa sindano. Gunia la kilo 90 niliweza kulinyanyua kwa mkono mmoja. Karani wa yadi, mama wa makamo, alitazama kando akasema, "Pole sana, baba." Hakuna mtu mwingine wa kaunti aliyewahi kuniambia neno hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukinyang'anywa kitu kinachooza, omba agizo la muda siku ile ile unayofungua kesi, chini ya hati ya dharura, hata kama hati nyingine zina kasoro.

Mwanzoni mwa 2022 kaunti ilileta pingamizi la awali kwamba sikuwa nimemaliza njia za ndani za kulalamika kabla ya kwenda mahakamani. Hoja hiyo ina msingi: Sheria ya 2015 inamzuia mtu kukimbilia Mahakama Kuu kabla ya kutumia taratibu za rufaa zilizowekwa, isipokuwa mahakama imsamehe kwa sababu za kipekee, na kesi nyingi hufia hapo. Mimi niliponea kwenye ile barua ya Aprili. Jaji alimwuliza wakili wa kaunti ni utaratibu upi wa ndani uliokuwepo, akakosa wa kuutaja, kisha akamwuliza kwa nini barua yangu haikujibiwa. Mei pingamizi lilitupwa.

Hukumu ilisomwa Juni 2023. Mahakama ilitamka kwamba ada ile haikuwa na sheria nyuma yake na kwamba Vifungu vya 40, 47 na 210 vilivunjwa, ikaagiza nirudishiwe mizani. Nilikuwa nimedai shilingi 187,000, yaani magunia 22 kwa bei ya shilingi 8,500 ya wakati ule. Nilipewa fidia ya shilingi 120,000, na kila upande ukabeba gharama zake. Sababu ya upungufu huo iliniuma kuliko kitu kingine chochote: hasara ya fedha taslimu lazima ithibitishwe kwa hati, nami sikuwa na risiti hata moja, kwa kuwa nilinunua kwa wakulima kwa mkono na siku zote nilijivunia kwamba biashara yangu haina makaratasi ambayo dola inaweza kuyapekua. Nilidhani kutoandika ni uhuru. Mbele ya jaji ikawa kwamba mtu asiyeandika mali yake amemwachia mwingine kuikadiria. Siku hizi mkulima anayeniuzia hata gunia moja huweka sahihi au dole gumba kwenye kitabu changu, na naweka daftari hilo nyumbani, si ghalani.

Niliondoka mahakamani nikidhani yameisha, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo katika mahubiri yangu yote ya kijiweni sikuwahi kuligusa. Ukimshinda jirani yako kesini, unaweza kumtuma dalali wa mahakama akachukue ng'ombe wake. Serikali haiguswi hivyo. Sheria ya Mashauri ya Serikali inazuia mali ya umma kukamatwa ili kulipia hukumu, na kinga hiyo imezifunika kaunti pia. Mshindi huomba kwanza cheti cha amri, akakipeleka kwa mlipaji. Asipolipwa hurudi mahakamani kuomba agizo la mandamasi, linalomshurutisha afisa mhasibu mwenyewe alipe. Na asipotii agizo hilo, ndipo anapoweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama na kuitwa kwa jina lake ajieleze. Nilipata cheti Agosti 2023. Nilipata mandamasi Februari 2024. Nilianza hatua za kumwita afisa mhusika Septemba, na Novemba 2024 fedha zikaingia kwenye akaunti, bila barua. Kwa mpenda uhuru, somo hili ni chungu kwa namna ya pekee: mipaka yote ya Katiba niliyokuwa nikiisifu ilisimama mlangoni pa hazina ya kaunti ikisubiri mtu mmoja mwoga aogope kwa ajili ya nafsi yake. Nashauri mtu ajue kutoka mwanzo jina la cheo cha afisa mhasibu wa idara anayoishtaki, na amtaje kwenye kesi.

Gharama nilizoziandika ni hizi: wakili shilingi 25,000 mara ya kwanza na 30,000 wakati wa mandamasi, safari 26 za mjini kwa shilingi 700 kila moja, ambazo ni 18,200, na kunakili, kuapa hati za kiapo, kulipia hati zilizofuata baada ya ombi lenyewe na kumlipa mpeleka hati, jumla 21,300. Hiyo ni 94,500. Toa katika 120,000, nilibaki na shilingi 25,500 kwa miaka karibu minne, bila kuhesabu siku ambazo ghala lilifungwa, wala miezi ambayo mke wangu alilipa karo ya mtoto wetu kwa faida ya kuku wake huku akiniuliza, kwa haki kabisa, kama maharagwe yale yalikuwa ya dhahabu.

Na siwezi kudai nilifanya peke yangu, ingawa fikra zangu zinapenda hadithi ya mtu mmoja dhidi ya dola. Wauzaji watatu wa nafaka waliapa hati za kiapo kwamba nao walidaiwa ada ile ile, wakijua kwamba kanjo wangewarudia. Mmoja wao, mama mjane anayeuza dengu, alirudiwa kweli, akafungiwa kibanda kwa siku tano. Hakuiondoa hati yake. Nilipojaribu kumlipa siku zile tano alikataa, akasema anachotaka ni risiti tu, kila wakija.

Ningependa pia anayefikiria njia hii asidhani kwamba hukumu ya mahakama moja ni mwisho wa habari. Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023 ilibatilishwa yote na Mahakama ya Rufani tarehe 31 Julai 2024, watu wakashangilia, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikairudishia uhai. Kaunti yetu haikukata rufaa katika kesi yangu. Pengine kiasi kilikuwa kidogo mno.

Ilichofanya kaunti ni kingine. Mwaka 2025 ada ya uhifadhi ilirudi, safari hii ndani ya mswada wa fedha uliopelekwa bunge la kaunti, na tangazo la kikao cha wananchi likabandikwa mlangoni pa ukumbi wa kijamii. Tulikwenda wafanyabiashara kumi. Mwenyekiti alinipa dakika tatu. Sikumtaja Locke. Niliuliza swali la wakili wangu, ni huduma gani tunayopewa, na yule mama wa dengu akaeleza kwa hesabu za vidole kwamba shilingi 50 kwa gunia kwa mwezi humaliza faida yote ya gunia la dengu likikaa miezi minne. Mswada ulipopita, ada ilikuwa shilingi 20 na iliambatanishwa na kazi ya kunyunyiza dawa ya wadudu sokoni kila baada ya miezi mitatu.

Mimi bado naamini kwamba hata shilingi 20 hiyo ni nyingi, na kwamba dawa tungeinunua wenyewe kwa bei nafuu. Afisa wa mapato alipokuja, si yule wa mwanzo, nilimwuliza ni sheria gani. Alifungua mkoba akatoa nakala ya Sheria ya Fedha, akanionyesha jedwali na mstari, kisha akangoja nimalize kusoma. Nilisoma yote, polepole, huku nyuma yangu ile mizani iliyorudi ikiwa imepinda mkono mmoja na kuzidisha robo kilo katika kila gunia. Nikalipa shilingi 380 kwa magunia 19. Akaniandikia risiti yenye nambari, nikaisoma nayo, nikaitoboa nikaitia kwenye faili.